Mtani Kaondoka na Alternata Yangu Matangani

Mpendwa Bi Mwanakombo, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba usinizungushe. Alternata yangu niliipoteza Jumapili ya kwanza ya Machi, mchana kweupe, kwenye matanga ya mama yangu, na aliyeichukua nilimwona kwa macho yangu nikacheka.

Mie ni fundi umeme wa magari hapa Mtoni, Temeke, chuo sikwenda, nimejifunza kwa kuungua vidole, na miaka yote hii kinachoniudhi ni kimoja: alternata, hicho chombo kinachochaji betri injini ikizunguka, imeundwa na watu wasiofikiria kwamba iko siku itaharibika. Kubadili brashi tu, vijiti viwili vya kaboni vidogo kama kokwa za ukwaju, inabidi uishushe kwenye injini, ung'oe puli, ufungue bolti za vipimo vitano kwa spana tano, uyeyushe risasi iliyoshika nyaya, halafu kuirudisha kunataka mikono mitatu na Mungu kakupa miwili. Basi nikachukua iliyokufa, nikaimiminia kifuniko kipya cha nyuma kwa aluminiamu ya masufuria mabovu, nikaweka kidirisha cha skrubu tatu, brashi zikakaa kwenye kishikio kinachochomoka kama mtoto wa meza, bolti zote nikazifanya za spana moja, hata ukitaka kuifunga kinyume yenyewe inakataa. Dereva wa lori akikwama porini anabadili brashi kwa bisibisi, ugali haujapoa. Na vipuri siku hizi unajua mwenyewe vilivyo adimu.

Sasa Gregori. Huyu ni fundi wa ushirika wa mafundi wa hapa mtaani, kwao Mahenge, kwetu Songea, kwa hiyo ni mtani wangu, na msibani alifanya kazi ya watani sawasawa, alijilaza kaburini akakataa kutoka, akamwaga maji ya kunawa, mwisho akaingia ndani nilikoiweka alternata, akaibeba mgongoni kwa kanga ya mama akawa anaibembeleza: "Lo, marehemu kaacha kichanga! Wangoni hamjui kulea, namlea mie! Anayemtaka amkomboe kabla matanga hayajaanuliwa!" Watu wakacheka, mie nikacheka, kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mama afe, na kwa utamu wa kicheko hicho nikasahau kukomboa, wala asingetaka zaidi ya kata moja ya togwa. Matanga yakaanuliwa, mtani akaondoka nayo.

Wiki hii nasikia iko mezani kwa kamati ya ushirika, kasema ni yake, na ushirika unataka kuziunda nyingi kwa ajili ya lori za vijijini. Hilo ningelimeza. Lakini nimekwenda kuchungulia nikakuta skrubu zangu tatu hazipo, kidirisha kimepigwa ribiti, vile vimsumari visivyofunguka mpaka uvikate.

Nikamwuliza, "Mtani, nini hii?"

"Ribiti inafungwa haraka, mtani. Tutaunda nyingi kwa siku."

"Na brashi zikiisha?"

"Si wataleta kwetu! Kwani sie tule wapi?"

Bi Mwanakombo, yaani dereva akikwama Rufiji alale hapohapo na magunia ya watu, ili Gregori ale. Mke wangu Rosalia anasema ulicheka, basi umetoa. Baba mdogo Polikarpo anasema mtani hashitakiwi, ukimshitaki unaita mkosi na mama yako hapumziki. Mie nasema Jumamosi nasimama kwenye mkutano wa wanachama nimwite mwizi, na mkosi uje, utanikuta na spana mkononi. Mkutano ni saa nne asubuhi. Nataka kuliona jibu gazetini Ijumaa: nimwite mwizi, au nisimwite? Neno moja.

Leonardi,
Mtoni, Temeke

JIBU

Hapana.

Umetaka neno moja, hilo hapo. Sasa marahaba, pole kwa msiba, na kaa kitako nikuseme. Umeunda chombo kisichokubali kufungwa kinyume, halafu ukajifunga kinyume mwenyewe! Kitu alichobeba mtani hukombolewa palepale, hata kwa punje ya mahindi. Ukimwita mwizi, wazee wote watahamia kwake, na hakuna atakayesikia habari ya skrubu.

Lakini Gregori naye asijione mjanja. Mtani huchukua hadharani ili mfiwa acheke. Hachukui akapeleka kwenye kamati na kusema nimebuni mie. Na wewe Leonardi, nani kakwambia utani una upande mmoja? Kwani wewe si mtani wake?

Jumamosi funga kitambaa cha msiba kichwani, beba kanga nyingine ya mama, ingia mkutanoni unalia. Lia hasa. Sema kuna mtu kapigiliwa misumari angali hai, hata kinywa hawezi kufunguliwa apewe maji. Wakiuliza yuko wapi, iendee meza, mfunge mgongoni, mbembeleze. Wakicheka, taja ukombozi. Senti usiombe. Skrubu tatu zirudi, kwenye hiyo na kila itakayoundwa, na Gregori aseme kwa kinywa chake kichanga kilizaliwa nyumba gani. Akiuliza tena mle wapi, mwambie uzeni brashi. Fundi anayesubiri dereva akwame ndipo ale, huyo ni fisi.

Akinuna, utani kauvunja yeye, na mkosi ni wake. Mwenyekiti akifunga mkutano alternata haijakombolewa, usitukane mtu, toka nayo mgongoni. Kwa mila ileile, ni yako.

Nawe Gregori, najua unasoma gazeti hili, na baba mdogo Polikarpo atakusomea usipotaka. Jumamosi, saa nne, mbele ya wanachama wote, skrubu ziwe mfukoni. Unakomboa, au hukomboi?