Hewa Miguuni

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepata mwanafunzi. Laoban Hu — hivyo ndivyo sote tunavyomwita bosi mwenye kiwanda — aliniita ofisini saa nne. Kwenye kochi ameketi mtu mnene, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Clément. Mfanyabiashara wa Kindu, Kongo, ana ofisi Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini. Anataka nguo kavu arobaini, zile za kuzamia zinazobana shingoni na mikononi, maji yasiingie na hewa ibaki ndani. Sharti lake moja tu: azijaribu mwenyewe kwanza.

Hapa kiwandani anayejua Kiswahili na kuzamia ni mmoja. Mimi nilikuja hapa Xintang kwa mafunzo ya vitendo ya chuo, mambo ya mpira na plastiki. Lakini kabla ya kupata ufadhili wa kusoma nilifundisha watalii kuzamia kule Mafia miaka mitatu. Haya.

Bwawa letu la majaribio lina kina cha mita tano. Clément alifika mita tatu hivi, miguu ikaanza kupanda. Kichwa chini, mapezi juu, nguo imevimba mapajani. Akafyatuka mpaka juu, miguu kwanza. Mara nne! Mafundi waliacha cherehani wakaja na simu zao kurekodi. Nami nilicheka, humo humo majini, mpaka miwani ikajaa maji.

Jumatano, 5 Novemba

Somo la mkao. Nimemweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watalii. Hewa iliyomo ndani ya nguo hukimbilia palipo juu. Ukilala sawasawa inatandaa mgongoni na wewe unatulia. Miguu ikipanda, hewa yote inaingia kwenye buti, na vali ya kutolea hewa, iliyo kwenye bega la kushoto, inabaki chini haina kazi.

Kwa hiyo shingo juu, macho mbele. Tumbo chini, mgongo upinde kidogo. Magoti yakunjwe, mapezi yalale bapa. Risasi, zile za kuongeza uzito, nilizipunguza kiunoni, nyingine nikazifunga kwenye mtungi, vipande viwili vidogo kwenye vifundo vya miguu. Na ukihisi miguu inakuacha: magoti kifuani, jiviringe, kichwa kirudi juu, inua bega, bonyeza vali.

Alifanya yote. Akafyatuka tena.

"Mwalimu, mwili wangu njo mubaya?" Ameshika ukingo, anahema.

Nikamwambia ndiyo. Tumbo kubwa, makalio mazito, mizani haikai. Nikamtafsiria na laoban kwa Kichina. Mafundi wakapata cha kucheka tena. Mmoja amempachika jina, Chupa.

Alhamisi, 6 Novemba

Amenialika kwake Xiaobei. Ofisi ni chumba cha hoteli, ghorofa ya kumi na moja, maboksi mpaka mlangoni. Mkewe, Odette, alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Nilikula kama mtu aliyetoka kufunga.

Nilimkuta Clément amelala kifudifudi juu ya benchi, magoti yamekunjwa, shingo juu. Anafanya mazoezi ya mkao! Saa nzima jana usiku, saa nzima leo, Odette akasema, na hakuwa anatania.

Wakati wa chai akaniambia sababu. Wadogo zake wanazamia mtoni kwao kutafuta dhahabu, wanapumua kwa mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa. Masaa manne, matano, kwa kaptula. Wanatoka wakitetemeka, ngozi zimejaa vidonda. Mwaka jana Frédéric, wa tatu kwao, alitoka majini na homa ya kifua, siku ya nane wakamzika. Sasa anayezamia ni Bienfait, kitinda mimba.

"Nikiweza miye na hili tumbo," alisema, "wale watoto watashindwa?"

Jumamosi, 8 Novemba

Kiwanda kimefungwa, lakini mlinzi ananijua. Nilitaka kujua kwa nini mtu anayejituma vile hajifunzi. Nikavaa nguo yake ileile.

Mkao wangu ni mzuri, nasema bila majivuno. Nikatulia mita nne, nikajaza hewa kidogo, nikaanza kupanda taratibu, bega juu, nikabonyeza vali. Kimya. Hata povu moja. Hewa ikatanuka, ikanibeba. Nilitoka juu kama yeye.

Nikaifungua vali mezani. Kile kifuniko cha mpira cha ndani kimenata kwenye plastiki. Hakiachii hata ukisukuma kwa nguvu zote. Nikafungua nyingine kutoka kwenye mzigo wake. Na nyingine. Kati ya tisa, nane zimenata. Na kila mfuko una stika nyekundu, ile ya mali iliyorudishwa.

Siyo tumbo lake. Haikuwa tumbo lake hata siku moja.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia laoban. Alikuwa anamenya chungwa, hakuacha. Akasema mzigo ule ulirudishwa na mteja wa kaskazini, mtu mwenye macho makali. Huyu wa sasa macho yake si makali. Nikamwambia watu watakufa. Akasema watu wake wanazamia na kaptula, wameshaanza kufa kabla yetu.

Kisha akavuta droo, akaitoa fomu yangu ya mafunzo. Muhuri wa kiwanda haujapigwa. Mwisho wa mwezi ndio siku ya kuirudisha chuoni. Bila muhuri sihitimu, na bila kuhitimu viza yangu inaisha Januari.

"Mfundishe akae vizuri majini," alisema. "Mtu akikaa vizuri, vali haina kazi kubwa."

Fomu akairudisha kwenye droo. Akanipa nusu ya chungwa. Nikalila.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemfundisha njia nyingine. Hewa ikizidi, inua mkono wa kushoto juu kabisa, ingiza kidole chini ya mpira wa kifundo cha mkono, uache hewa ipite hapo. Maji nayo yanaingia, mkono unalowa mpaka kwapani, lakini unashuka.

"Na vali ni ya kazi gani?" aliuliza.

Nikasema vali ni ya wazoefu.

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa siri ya ufundi.

Alhamisi, 13 Novemba

Amefyatuka mara sita. Pua ilimtoka damu, ikachuruzika kwenye ule mpira mweupe wa shingoni. Nikamwambia ni kawaida. Akajifuta, akashuka tena.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepanga kumwambia leo. Nilishuka metro Xiaobei, nikatembea barabara ya Huanshi Zhonglu mara mbili, kwenda na kurudi, nikipanga maneno. Nikapanda.

Odette alifungua akiwa na simu mkononi. Bienfait yuko hewani, picha inakatika. Kijana wa miaka ishirini na moja, meno meupe, ameketi juu ya boti yao ya mbao. Wakanipa simu. Alinisalimia kwa adabu, shikamoo mwalimu, ingawa nimemzidi miaka mitano tu. Akauliza: nikigeuzwa miguu juu na maji ni meusi, sioni kitu, nitajuaje juu ni wapi?

Swali zuri. Hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Nikamwambia, sikiliza mapovu yako, yanakopita ndiko juu. Kunja magoti, jiviringe, inua mkono. Akarudia maneno yangu moja moja, mwenzake mmoja pembeni akiyaandika kwenye karatasi.

Odette akasema Mungu amenituma kwao. Nilikula sombe. Nikarudi na maneno yangu yote niliyoyapanga.

Jumanne, 18 Novemba

Amefaulu.

Dakika ishirini mita nne, amelala bapa, miguu haitikisiki. Alizunguka bwawa lote kwa mateke ya chura, akasimama katikati ya maji bila kugusa chini. Hewa ikizidi anainua mkono, kidole kinaingia, anatulia. Ni kazi nzuri. Nimewafundisha watu mia mbili na zaidi, sijawahi kumtoa mtu mbali kama huyu. Nilijikuta nampigia makofi chini ya maji.

Alipotoka alilia. Mtu mzima, mbele ya mafundi wote. Hakuna aliyemwita Chupa. Laoban alimkumbatia, wakapiga picha, Clément akatia saini ya kupokea mzigo pale pale, mkono ukidondosha maji kwenye karatasi.

Saa kumi laoban akaniita. Muhuri ulikuwa umepigwa. Mwekundu, duara safi.

Niliisoma fomu mara tatu kwenye basi. "Mwanafunzi Medard ameonyesha bidii na uaminifu."

Jumatano, 19 Novemba

Wamebandua stika. Wasichana wawili walikaa na mashine ya kukaushia nywele, wanazipasha moto, wanazichuna. Mmoja aliniomba nimsaidie, anachelewa kwenda kumchukua mtoto. Nilibandua kumi na nne.

Ijumaa, 21 Novemba

Kontena linafungwa leo mchana. Clément amekuja na gari la mizigo, na Odette, na kigoda cha kusimamishia simu. Jambo la mwisho, anasema. Anaomba nimrekodie wadogo zake video. Nieleze kwa Kiswahili ukingoni, kisha nizamie nikionyesha, hatua kwa hatua, simu yake ikiwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Ili Bienfait aone mtu mwenye mkao wa kweli, si mzee wa tumbo. Na niwaonyeshe na ile vali ya wazoefu, maana wao watafika huko siku moja.

Laoban amesimama ukingoni, mikono nyuma. Amesema mei wenti, hakuna shida, ananitazama mimi.

Nimeingia chumba cha kubadilishia nikabeba nguo sita kutoka kwenye mzigo. Nimezijaribu vali moja moja kwa kupuliza na mdomo. Ya kwanza mpaka ya tano, zimenata. Ya sita imefunguka vizuri kabisa, imepiga mluzi. Nimeivaa hadi kiunoni. Nimekaa kwenye benchi naandika hapa, karatasi inalowa.

Nawaza hivi: nikishuka na hii, hakuna uongo ndani ya video. Kila kitu kitakachoonekana kitakuwa kweli.

Clément ameingia sasa hivi bila kubisha. Amebeba nguo nyingine mkononi, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito kifuani: BIENFAIT. Ananiita petit, kijana, anasema nivae hii, mudogo wangu afurahi akiiona, ni saizi yako sawasawa. Ameshika vali yake kwa vidole viwili, anaigeuza geuza, anatabasamu.

Nimesema hii niliyovaa inatosha. Amesema hapana, hapana, amepiga goti mbele yangu, ananivua buti ya kwanza ili nivae ya Bienfait, na vali yake sijaipuliza.