Halwa Iliyoteremshwa Dirishani

Jumatatu, Sib, pembeni mwa Maskati. Mawingu tangu alfajiri, mvua bado.

Harriet, mtumishi wa nyumbani kwa kaka yangu, anarudishwa kwao Alhamisi kwa wizi. Kasema hivyo wifi yangu Naima leo asubuhi, akipaka jibini kwenye mkate, na Harriet mwenyewe amesimama nyuma ya kiti chake ameshika chupa ya chai. Kilichoibwa ni bakuli la halwa.

Nilikuwepo halwa ilipotoka. Nayaandika hapa niliyoyaona, kwa kuwa mezani hakuna aliyetaka kuyasikia.

Ilikuwa Genoa, mji wa bandari huko Italia, mwezi uliopita. Familia ya kaka yangu Said ilikwenda kutembea, mimi nilikwenda kikazi. Gazeti linataka makala juu ya mambo ya kufanya ndani ya nyumba mvua inapomharibia msafiri siku yake. Mhariri wangu si mtu wa Maskati. Hajui kwamba huku mvua ikianza watu hutoka ofisini, hupakia chai na mikate garini, na kwenda kutazama wadi, lile bonde kavu la mto, ikijaa maji. Said aliichagua Genoa kwa ajili ya mvua. Ile Jumapili iliponyesha, watoto walipiga makofi.

Harriet hakupiga. Alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea.

Ni mtu wa Uganda, wa Busia mpakani, na kazi yake kwa Naima ni kumtunza Bi Khole, mama yake Naima, ambaye hawezi kwenda hatua mbili bila kushikwa. Dada yake Harriet, Justine, anamuuguza bibi kizee mmoja hukohuko Genoa. Hawakuwa wameonana tangu Harriet aje Omani. Kabla hatujasafiri, hapahapa Sib, mbele yangu, Naima alimwambia Jumapili itakuwa yake na dada yake.

Siku ilipofika alimwambia hivi: "Wewe kwenu mvua kila siku, ya nini kwenda kulowa? Kaa na Mama. Sisi ndio tunaoililia."

"Madam, ulisema Jumapili."

"Nilisema inshallah."

Akafunga mlango kwa nje, ufunguo akautia mkobani. Kwenye ngazi nilimuuliza sababu. Hakuona haya.

"Wakifika Ulaya wote hukimbia. Akikimbia huyu, nani atamwosha Mama? Wewe?"

Nikaenda kazini.

Kwa faida ya makala: Genoa ina nyumba kubwa ya kutazamia samaki hai bandarini, na foleni yake ni ndefu siku ya mvua. Ina majumba ya matajiri wa zamani yenye dari zilizochorwa. Ina vibaraza vilivyofunikwa ambavyo unaweza kuvipita ukila mkate wa mafuta bila kulowa. Niliviona vyote kwa haraka nikarudi mapema.

Kwenye kichochoro cha nyumba tuliyopanga nilimkuta mwanamke amesimama chini ya dirisha letu, mwavuli umempinduka. Nyumba za zamani kule hazina lifti, na wakazi huteremsha kikapu kwa kamba kupokea mboga. Kikapu cha nyumba yetu kilikuwa kinateremka.

Juu, Harriet ameshika kamba. Nyuma yake ilisikika sauti ya Bi Khole, mkali kama zamani alipokuwa na nyumba yake mwenyewe.

"Mgeni kafika mlangoni kwangu atarudi hivihivi? Watu watatuonaje? Teremsha, polepole, kahawa isimwagike."

Huo ndio utaratibu wetu. Mgeni huwekewa halwa na kahawa kabla hajaulizwa shida yake. Mlango kufungwa hakukumpunguzia Bi Khole wajibu. Alikuwa ameamuru bakuli la halwa lifunguliwe, lile ambalo Naima alilibeba kutoka Maskati kwa ajili ya mwenyeji wa Said wa kibiashara kule Genoa.

Halwa ilifika salama. Kahawa ilimwagika nusu njiani.

Justine aliniangalia.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa ufunguo?"

"Marahaba. Hapana. Anao wifi yangu."

"Atarudi saa ngapi?"

"Mvua ikikatika."

Alitazama mbingu, kisha akacheka kidogo. Akachota halwa kwa kidole akala, uso ameuinua dirishani, ili mdogo wake amwone akila. Wakaongea lugha yao. Alipotakiwa kurudi kwa mgonjwa wake, mvua ilikuwa bado inanyesha.

Hawakugusana hata mkono.

Naima alirudi amelowa na furaha tele. Bakuli alilikosa siku iliyofuata.

Kwa hiyo leo mezani nilimgeukia Bi Khole. "Mama, ile halwa ya Genoa, nani aliamuru itolewe?"

Bi Khole alimtazama kwanza binti yake. Ni Naima anayempa dawa, anayeamua nani aje kumwona na nani asije.

"Halwa gani?" akasema. "Mie nna sukari. Halwa siruhusiwi kuigusa."

Harriet akaweka chupa ya chai mezani.

Nilimfuata Naima jikoni nikamweleza nilichokiona, neno kwa neno, kama ninavyompa mhariri.

"Nnajua," akasema. "Unadhani mie mjinga? Mama hawezi kuficha kitu. Lakini tangu turudi huyu Harriet ananitazama. Ananitazama tu. Sasa niwaambie watu namrudisha kwa nini? Kwamba nilimfungia ndani na dada yake yuko chini? Mwizi kila mtu anaelewa."

Kisha akaniomba makala yangu iitaje ile nyumba tuliyopanga, maana mwenye nyumba alikuwa mtu mwema.

Utabiri unasema Alhamisi itanyesha. Said na watoto wameshapanga kwenda kutazama wadi, na Naima hawezi kuikosa. Mimi nimepewa Harriet nimpeleke uwanja wa ndege, na nimeombwa milango ya gari niifunge.

Sitaifunga.

Nikauliza nani atabaki na Bi Khole.

"Atabaki peke yake. Nitamfungia, si muda mrefu," akasema Naima.

Nikasema nitamchukua mimi garini. Akakataa, mvua itamwingia kifuani. Bi Khole alikuwa sebuleni anasikia yote. Akamwita Harriet, akaomba amshike mkono, akaushikilia mpaka nilipoondoka.

Ndege ya Entebbe ni Alhamisi, saa nane mchana. Makala yangu ya mambo ya kufanya ndani ya nyumba siku ya mvua inatoka asubuhi ya siku hiyohiyo.