Mshumaa wa Tatu

Bweni la wasichana,
Jumapili, 4 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini unalikanda na maji ya moto kama ulivyoagizwa, si kama unavyopenda. Mimi ni mzima, ila mgongo umeanzisha ugomvi na godoro. Wenye bweni wamekwenda likizo, nasi walimu wazima tumepewa vitanda vyao vya chuma, kimoja juu ya kingine. Nimepata cha juu. Chini yangu amelala mwalimu wa hisabati, mama wa makamo, anayekoroma kwa mpangilio kama mtu anayehesabu.

Mafunzo yanaanza kesho. Anayetufundisha kufanya sayansi iwe furaha ni mzee mwembamba ambaye mifuko yake haikosi maputo, na tayari tunamwita Mwalimu Puto. Ametupokea getini akipuliza moja, akaliachia likatufukuza. Wenzangu walicheka. Mimi niliinama tu.

Nilikuahidi kusema ukweli, basi huu hapa. Mwalimu mkuu hakunituma huku kwa kunipongeza. Alisema darasa langu ni kimya mno. Nawe ulifundisha chumba kile kile, na kilikuwa kimya, lakini kimya chako kilikuwa cha heshima. Changu ni cha watu wanaosubiri mvua ikatike waondoke.

Siku ya mwisho kila mmoja wetu atafundisha watoto wa mtaa wa hapa. Wapo likizo, hawalazimishwi kitu. Mlango unaachwa wazi, na mtoto aliyechoka ananyanyuka na kwenda zake. Wakinikimbia, Mama, sirudi tena darasani. Mjomba bado ananishikia ile nafasi dukani kwake, na misumari haipigi miayo.

Niombee.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani,
Alhamisi, 8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha ngazi zote nilizowahi kupanda. Mengine ni salama. Paka wako amehamia kitandani kwako na hataki kusikia la mtu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetafuta miwani nikidhani nimekosea. Mtoto ananyanyuka na kwenda zake? Na mwalimu anamtazama? Hayo si mafunzo, hiyo ni stendi ya mabasi. Sayansi si ngoma, mwanangu. Mtoto akae, asikilize, aandike, ajibu mtihani. Furaha ataikuta kwenye matokeo.

Lakini ukishakubali kula na vipofu, usiwashike mikono. Siku yako ikifika wafundishie mshumaa. Maji kwenye sahani, mshumaa uwake katikati, gilasi juu yake. Mshumaa unazimika, maji yanapanda ndani ya gilasi. Hewa iliyotumika ni sehemu moja ya tano, basi. Haujawahi kuniangusha hata siku moja. Na ukumbuke umetoka maabara gani: tangu nilipoingia hadi nilipostaafu, haikuvunjika gilasi hata moja. Wakikupuliza na maputo yao, waambie hilo.

Ufunguo wa kabati la maabara nimeutundika palepale, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba kwangu uko salama zaidi, naye hakubisha. Ukiuhitaji utasema.

Achana na habari za duka. Mjomba wako anatafuta mtu wa kumsikiliza, si wa kuuza misumari.

Mama yako


Bweni la wasichana,
Jumatatu, 12 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta vizuri na goti limepumzika. Mimi mwili ni mzima.

Leo Mwalimu Puto alituuliza, mmoja baada ya mwingine, ni vyombo vingapi vimevunjika katika maabara zetu. Watu walijibu kwa aibu, huyu kumi, yule hajui tena idadi. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Sikuwa nimesimama tangu mafunzo yaanze. Nikasema kwetu haijavunjika hata gilasi moja, tangu enzi za mama yangu.

Akanitazama kwa huruma kabisa, kama niliyemwambia nimefiwa.

"Poleni sana," akasema.

Chumba kizima kikacheka. Mwalimu wa hisabati alinivuta nguo nikae. Nilikaa, na kwa saa nzima sikusikia neno, nilikuwa najibizana naye kichwani. Nilimjibu kwa maneno yako, Mama. Nilikuwa nashinda. Halafu nikakumbuka kitu na nikashindwa.

Nilikuwa mwanafunzi wako. Nilikaa dawati la mbele, nikakuita mwalimu kama wengine. Nakumbuka ulivyoifuta ile gilasi kwa kitambaa cheupe kabla ya kuirudisha kabatini, na ufunguo ulivyolia. Ninaweza kukuchorea mkono wako. Lakini sijui uzito wa gilasi ile. Sikuwahi kuishika. Kuna mtoto yeyote aliyewahi kuishika? Na mwaka huu mzima nimefanya vivyo hivyo: nafanya jaribio nyumbani peke yangu, halafu nakwenda kuwaambia watoto nilichokiona.

Sikulaumu. Nauliza tu.

Mwanao


Bweni la wasichana,
Jumamosi, 17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua za wenzangu zinafika, kwa hiyo posta haina kosa. U mzima kweli? Kama ni goti, mwambie jirani aniandikie. Kama ni mimi, basi nimekuumiza, na sikukusudia. Nimejaribu kuandika kwamba nilichouliza hakina maana, nikashindwa, kwa sababu kina maana. Lakini wewe una maana zaidi.

Nafundisha Jumatatu. Nimechagua mshumaa wako.

Mwanao


Bweni la wasichana,
Jumanne, 20 Agosti

Mama,

Shikamoo, hata kama huitikii. Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, tayari kwa safari: tutazungushwa shule za jirani kwa wiki moja kabla ya kurudi nyumbani.

Nilianza kama ulivyonifundisha. Maji, mshumaa, gilasi. Moto ukazimika, maji yakapanda, nikasema sehemu moja ya tano. Wasichana wawili wakanyanyuka wakatoka. Hawakuwa na ubaya, mmoja hata aliniaga. Nikaanza kufikiria misumari.

Basi mtoto mmoja wa kike, viatu kavishika mkononi, akauliza nikiweka mishumaa mitatu itakuwaje. Nikamjibu papo hapo kwamba maji yatapanda vilevile, kwa sababu hewa ndani ya gilasi ni ile ile.

"Umeshajaribu?" akauliza.

Mama, swali lile. Hakukuwa na utundu ndani yake, alitaka kujua tu. Nikasema sijajaribu. Nikampa gilasi, yeye, mkononi, nikabandika mishumaa mitatu. Moshi, moto ukafa, na maji yakapanda. Yakapita alama niliyoitia kwenye gilasi mara ya kwanza. Yakaendelea kupanda, karibu mara mbili.

Walimu wote walikuwa nyuma wamesimama. Nilitafuta sauti yako kichwani na sikuikuta, nikaikuta yangu peke yake, na ilikuwa na neno moja tu.

"Sijui," nikawaambia. "Kweli sijui. Tufanye nini ili tujue?"

Sikuwahi kuona chumba kikigeuka vile. Kila mtoto alikuwa na la kusema. Mmoja akataka mishumaa minne, mwingine akataka maji ya moto, wakagombea gilasi, wakalowana. Wale wawili walirudi kuona kuna kelele gani. Mtoto mwenye viatu mkononi akalaza shavu mezani akaniambia nishushe gilasi polepole, kisha akapiga kelele kwamba inapumua. Nikainama nikaona: vijipovu, vikitoka chini ya ukingo kabla moto haujafa. Hewa ilikuwa inatoka, Mama. Tangu mwanzo ilikuwa inatoka, na sisi tulikuwa tunaangalia juu.

Kengele ikalia, hakuna aliyeondoka. Nilimtafuta Mwalimu Puto anipe maksi zangu, nikamkuta chini ya meza, amepiga magoti kati ya watoto, anatazama mapovu. Akaniambia nisimsumbue.

Sitaki tena duka la Mjomba. Nimelala kama jiwe, nisisikie hata mkoromo wa mwalimu wa hisabati. Kilichobaki ni wewe.

Mwanao


Nyumbani,
Jumapili, 25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na zile shikamoo za nyuma zote marahaba. Naituma barua hii kwa anwani ya shuleni, maana najua ukifika utapitia huko kwanza kabla ya kuja kunitazama usoni. Mimi ni mzima. Goti halikuwa na kosa.

Nilikukasirikia. Nilikuandikia majibu mawili nikayachana. La kwanza lilikuwa refu mno na la pili lilikuwa la uongo.

Barua yako ya Jumanne ilipofika nikasema huyu mtoto sasa amezidi. Mshumaa nimeufundisha hadi nikazeeka, leo unanipinga na mtoto mwenye viatu mkononi. Nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikawakusanya wajukuu wa jirani wawe mashahidi wa upande wangu, tukaenda shuleni. Mlinzi alinisalimia akadhani nimepotea.

Nikawasha mishumaa mitatu. Maji yakapanda yakapita ile sehemu moja ya tano.

Nikasema nimekosea kipimo. Nikarudia. Yakapita tena, na wale watoto, badala ya kuwa upande wangu, wakaanza kushangilia maji. Nikampa gilasi aliye mkubwa wao ajaribu. Nikawapa wote. Sijui nilikuwa nawaza nini. Ile gilasi ilikuwa ya moto, mdogo wao akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, ikapasuka.

Wakanigeukia wote. Nami nilikuwa nasubiri nione nitafanya nini. Mwanangu, mlio wenyewe ulikuwa mdogo mno, kwa kitu nilichokiogopa miaka yote ile. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mtoto hakuumia, vipande nimeviokota mwenyewe.

Mjomba wako alipita jana kuuliza kuhusu ile nafasi. Nimemwambia atafute mtu mwingine.

Ufunguo usiutafute jikoni. Nimeuacha kwenye kufuli ya kabati, na kabati lenyewe liko wazi.

Na hayo mapovu, usiniambie maana yake utakapofika. Nimeshanunua mishumaa mingine.

Mama yako