Turbo na Madumu ya Lubisi

Koku mjukuu wangu,

Natangaza rasmi kwamba jogoo wa bibi yako amehamia kwa jirani. Sisi wengine tungalipo.

Umeuliza kama turbo itaongeza nguvu kwenye gari lako kuukuu. Mimi niliifunga kwenye pikapu kwa sababu baba mkwe alisema, "Gari lisilopanda mlima halimchukui binti yangu." Sikukalika.

Kabla ya turbo, nikiwa na madumu ishirini ya pombe ya lubisi, nilipanda mlima wa Muleba kwa gia ya kwanza. Fundi alipomaliza, mzee akasema, "Kaa usukani, mkwe, nitapakia madumu mwenyewe." Tukapanda kwa gia ya tatu, akanipa binti.

Juzi bibi yako kaniambia kwamba fundi alipokuwa akifunga turbo, baba mkwe na wenzake waliyanywa madumu yote.