Mstari wa Ukurasa wa Arobaini

Dada Konsolata, shikamoo.

Natumaini wewe na shemeji hamjambo hapo Kilakala, na kifua cha mama kimepata nafuu huko juu Mgeta. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa. Ningepiga simu, ila kwenye simu nimezoea kusema uongo.

Wewe ndiye uliyenifundisha determinanti, ile namba moja inayotuambia kama matriksi, lile jedwali la namba, inageuzika, yaani kama kazi yake inaweza kurudishwa nyuma. Matriksi zangu zina mpangilio: kila mshazari unarudia namba ileile. Nilitaka kuonyesha kwamba tukizikuza bila kikomo, determinanti zake zinafichua tabia ya opereta, yaani ile matriksi isiyo na mwisho. Miaka minne, dada, nimeamka na hilo na kulala nalo.

Mwezi uliopita profesa wangu aliweka kidole kwenye ukurasa wa arobaini wa tasnifu yangu.

"Kosmas, mstari huu umetoka wapi?"

"Unafuata ule wa juu."

"Haufuati."

Akaandika mfano ambao hata wanafunzi wako wangeuhesabu. Determinanti zilitoka mbili, tatu, nne, tano, hazigusi sifuri kamwe, lakini opereta yenyewe haigeuziki. Mfano huo naujua siku nyingi. Sikuona tu kwamba mstari wangu, unaodai kuwa determinanti zisipogusa sifuri opereta hugeuzika, unaukana. Na kila kilichofuata kimejengwa juu yake. Nimehangaika wiki tatu kuurekebisha, nimeshindwa. Profesa amesema kwa upole nianze mada nyingine au niache. Muda wa kuanza upya sina.

Hilo ningelivumilia. Lakini ukurasa ule niliuandika kabla baba hajafariki. Uliponiita nije tumzike, nilikujibu nimebakiza kidogo. Mkamzika bila mimi, nami nilikuwa hapa chuoni napanga kurasa ambazo tayari zilikuwa si kitu.

Jumapili mama aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, ile hesabu umeimaliza?"

Nikasema nimemaliza. Akasema, "Basi baba yako hakukukosa bure."

Mwambie wewe ukweli, dada. Si kwa simu. Panda Mgeta ukae naye. Mwambie narudi mikono mitupu.

Nisalimie shemeji, mjomba Pankrasi na kabichi zake, na shangazi wa Mkuyuni aliyeniombea novena, sala za siku tisa. Ukifika kaburini kwa baba, usinisemee lolote. Nitakuja kusema mwenyewe, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Mdogo wako,
Kosmas