Maswali ya Jiko la Kuni

Jumatano, 11 Juni 2025

Baridi imeingia kweli. Asubuhi maji ya ndoo uani yalikuwa yameganda. Jiko la kuni hapa sebuleni — la chuma, la yule Mreno aliyejenga nyumba — alikuwa akilishughulikia Mayasa tangu tuhamie ugenini huku Rosettenville. Mimi nilikuwa wa kuota moto tu. Sasa mke wangu huyo yuko kwetu Buyenzi kumwuguza mama yake tangu Aprili, na wa kuwasha ni mimi.

Nimempigia, nikamwuliza kuni zipangweje. Akacheka, kisha akaeleza taratibu: vijiti vyembamba kwanza, kilango cha hewa wazi mpaka moto ukolee, ndipo kipunguzwe. Usikifunge kabisa, Baba Tania. Moto nao unapumua.

Sauti yake ile ile. Nimelala vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimemwuliza habari za majivu. Najua majivu — ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, hata yakionekana yamepoa. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote. Lakini nikiuliza hali, tunamaliza haraka: mama ana nafuu, mtoto anasoma, haya, usiku mwema. Nikiuliza jiko, anakaa kwenye simu.

Tania alikuwa anasikiliza. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hayo mbona nayajua. Nikamtuma kuni.

Jumamosi, 21 Juni

Mama mkwe sasa anakwenda sokoni kwa miguu yake. Mayasa kaniambia kwa furaha. Nikangoja ataje siku ya kurudi. Hakutaja.

Nikauliza kuni mbichi. Akasema ukizigonganisha, kavu zinalia, mbichi zinanyamaza. Mbichi ni moshi tu, na masizi kwenye bomba. Za bluegam, mikaratusi ya huku, nilizoletewa jana zinanyamaza. Nimezipanga ukutani zikauke, lakini eish, baridi hii — chache nimezichanganya na kavu jikoni.

Jumapili, 29 Juni



Mchana Tania alikuwa anachora karibu na jiko. Madirisha tumeyafunga, blanketi chini ya mlango. Akasema kichwa kinamuuma. Changu kilikuwa kizito tangu asubuhi, nikadhani mafua. Akasimama, akapiga magoti, akatapika. Moshi wenyewe wala hatukuuona. Nikambeba nje bila viatu.

Régis jirani, Mrundi mwenzetu, alikuja mbio. Akafungua madirisha yote. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, akaninyang'anya — chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka. Akatupeleka kliniki kwa gari lake. Tania akawekewa oksijeni, nami nikapimwa. Nesi akasema hewa ya moto isiyopata pa kutokea ni sumu, haina harufu. Mngelala nayo msingeamka.

Yuko salama. Amekula wali kidogo. Mayasa sijamwambia.

Jumatatu, 30 Juni

Régis kapanda juu ya paa, kaingiza brashi kwenye bomba la moshi. Masizi yakashuka mazito, yameshikana kama lami. Akauliza lilisafishwa lini mara ya mwisho. Kila Mei Mayasa huita mtu. Mei hii hakuwepo, na mimi halikunijia akilini.

Tumefunga pia ukutani kile kidude kinacholia hewa ikiharibika. Hatuwashi mpaka nipate kuni kavu.

Nyumba ni barafu. Tania kalala na kanga ya mama yake juu ya mablanketi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempigia jioni, Tania akiwa kwa Régis. Sikujua nianzie wapi. Nikauliza bomba la moshi lisafishwe mara ngapi kwa mwaka.

Akasema: Baba Tania, jiko unalijua. Niulize unachotaka kuniuliza.

Kwanza nikamweleza ya Jumapili. Yote. Hakunilaumu — heri angenilaumu. Alilia, akataka kujua kama mtoto anapumua vizuri akilala. Nikasema ndiyo, namsikiliza. Ndipo nikauliza: unarudi lini?

Hajui. Akasema huku naamka, mtaa mzima unaniita kwa jina langu. Huko nilikuwa nawasha moto asubuhi, nauzima usiku, na katikati hapana aliyeniuliza kitu. Wewe tangu nije huku umeniuliza mengi kuliko miaka yote ile.

Nikamwambia sikuwa nauliza jiko.

Najua, akasema.

Halafu akaniita kwa jina langu, Bakiri. Mlete mtoto, Bakiri. Njooni wote wawili.

Nikataja shule. Nikataja kibanda changu cha kutengeneza simu kule Marshalltown katikati ya jiji, wateja, Tania ambaye Buyenzi haijui hata kwa picha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Mama yake akamwita. Ngoja, akasema, usikate.

Simu ameiweka mahali. Naandika nikingoja. Nasikia uani kwao — ndoo inaburutwa, mwanamke anacheka, watoto wanagombania kitu. Adhana ya Magharibi inaanza. Ni ule msikiti wa mtaani kwetu kule Buyenzi, naujua kwa mwangwi wake.

Tania amerudi. Nimeweka kidole mdomoni. Amekaa kwenye mkeka, ameegemeza sikio kwenye simu, macho ameyafumba. Ananiuliza kwa Kiswahili, neno moja moja: Papa, huko ni wapi?

Nasikia nyayo za Mayasa zikirudi kwenye simu. Sijamjibu Tania, wala mama yake.