Ubongo Wangu Haujachoka

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Spidi,

Shikamoo yako nimeshaipokea hata kabla hujaiandika, marahaba. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Wanangu wanalala vizuri na hiyo baridi yenu? Sisi tupo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna hata mafua, kama utakavyoona.

Sasa nina ugomvi na wewe, kaa vizuri.

Ulipompigia mama simu Jumamosi ile, ulimwambia, "Ubongo wa dada umechoka, lazima ubadilishwe." Mimi na wewe tunajua ulikuwa unasema prosesa ya kompyuta yangu. Tumeiita ubongo tangu ulipoifungua ile mashine yetu ya kwanza juu ya meza ya kulia, ukashindwa kuifunga. Lakini mama angejuaje? Yeye alielewa alichosikia. Akampigia mama mdogo, na mama mdogo ukimwambia jambo ni kama umelibandika ukutani. Muuza vioo wa hapa chini akaja kuniuliza, kwa upole wa kutisha, kama najua leo ni siku gani.

Nilicheka, mpaka alipokuja mkandarasi, naye habari zimeshamfikia. Unajua nilivyoihangaikia kazi ya kuchora ramani ya ile shule ya watoto. Aliikunja michoro yangu bila kunitazama usoni. "Pumzika kwanza, dada," akasema. "Ghorofa haina mzaha." Akaondoka nayo. Niliumia, Spidi. Sijawahi kuumia vile kazini.

Na usidhani nakataa kipya kwa ukaidi tu. Nilibeba mchoro wa shule kwenye flashi, nikaenda duka la kompyuta kuzijaribu zile prosesa tatu ulizonisifia. Ile ya bei mbaya iligeuza jengo zima pande zote bila kukwama; kwangu nikiligeuza nawahi kupiga funda la chai. Mpya ni mpya, sibishi. Lakini ile ya kati ililigeuza vilevile, nikakodoa macho nisione tofauti ila kwenye namba za boksi. Ile ya tatu hata sikuimaliza, ni yangu hii hii iliyopakwa wanja. Tena hiyo kubwa haikai kwenye mashine yangu bila kubadilisha na ubao unaoishikilia, na kumbukumbu, na kifaa cha umeme. Huko si kubadilisha ubongo, ni kuzaliwa upya. Muuzaji naye akaninong'oneza nisubiri, toleo jingine linakuja. Nikamwambia anayesubiri la mwisho hanunui kamwe.

Basi sikia uamuzi wangu, na ni wangu. Nitachukua ile ya kati, siku nitakayokabidhi ramani ya shule, si kabla. Sihamishi jiko na sufuria iko motoni. Nataka mkandarasi aishike ramani iliyotoka kwenye ubongo huu huu mnaousengenya. Na ukinitumia ile kubwa kwa nguvu, boksi lake nitatunzia viatu.

Kuhusu mama, jana nilimkalisha, nikaifungua kompyuta, nikamwonyesha hicho kidude, kidogo kama biskuti. Alikitazama sana. Kisha akauliza, "Na huo mpya ukiingia, utatukumbuka?"

"Mama, anayekumbuka ni mimi," nikamjibu. "Hicho kinahesabu tu."

Akavaa viatu, na magoti yake hayo, akaenda mwenyewe kwa mkandarasi, hakutaka hata nimsindikize. Akarudi na michoro yangu kwapani, na kazi ni yangu tena. Nilipomuuliza amemwambia nini, akasema amemweleza ukweli: binti yake ni mzima, aliyechoka ubongo ni yule kijana wa kwenye simu.

Mkandarasi anakupa pole. Mama mdogo ameshaarifiwa.

Nisalimie wifi, umwambie asishtuke akipigiwa simu na kuulizwa unaendeleaje. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao anawakumbuka kwa majina yote. Mungu akulinde, na palipopungua akuongezee.

Wako akupendaye, kwa ubongo ule ule,
Dada yako